Akaunti Niliifunga, na Nilisema

Kaeni chini nyote, na wewe Dereva toka hapo mlangoni, unaegemea kizingiti kama mtu aliyekuja kudai kodi. Vuta kigoda ukae karibu na dada yako Sindano, maana leo nataka kila uso niuone na kila sikio liwe mahali pake. Mke wa Suti, funga dirisha. Hapana, lifungue, joto. Acha nusu. Na huko kiwandani nani amezima vyerehani? Waambieni mafundi washone, sijafa bado, na hata nikifa watoto wa watu watakwenda shule wakiwa wamevaa. Mimi nimelala kwa mlio wa vyerehani tangu ujana wangu, kimya ndicho kinachoninyima usingizi. Haya. Jirani yetu muuza dawa, wewe niliyekuita uandike, andika kama nitakavyosema, usinisafishie maneno. Niliishia shule ya msingi, na hiyo yenyewe nilikaa nyuma karibu na dirisha, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniandikia jambo nisilolisema. Hilo ndilo lililotukusanya hapa.

Liwekwe wazi ili asipatikane wa kusema hakuelewa. Kifungua mimba wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Suti kwa sababu tangu apate koti la kwanza hajaonekana bila koti, juma lijalo anasimama tena mbele ya hakimu. Kosa lake ni kwamba alimwandikia Mzee Majora hundi ya akaunti ya kiwanda, akachukua vitambaa, na akaunti yenyewe mimi nilikuwa nimekwisha kuifunga. Wakili wake amesema pana mlango mmoja tu wa kutokea: Suti aseme hakujua kwamba imefungwa, na mimi mama yake nithibitishe kwamba niliifunga nikasahau kumwambia. Karatasi imeshaandikwa, iko hapa chini ya mto, inanichoma shingo tangu jana. Kilichobaki ni dole gumba langu. Hakimu atamwonea huruma bibi kizee mgonjwa aliyesahau, na bibi kizee mwenyewe atakuwa amekwisha jiendea, na maiti hafungwi.

Nigeuzeni upande wa ukutani. Taratibu, Sindano, mimi si jora la kitambaa. Haya nirudisheni, ukuta hauna uso, nitasemaje na ukuta.

Sasa sikieni. Sikusahau.

Siku ile nilikwenda benki nikiwa katikati ya watu wawili, Suti mkono huu na Sindano mkono huu, kwa sababu ngazi za benki ile zilijengwa na mtu asiye na mama. Karani aliyetuhudumia alikuwa binti mwenye kucha ndefu kama za paka wa tajiri, akaniuliza, "Bibi, kwani kufunga ni lazima? Si ungeiacha tu?" Nikamjibu, "Mwanangu, akaunti hii tangu baba watoto afariki haijaingiza hata senti, lakini kila mwezi inakula makato. Nyumbani kwangu ninao wanaokula bila kuingiza, na hao niliwazaa mwenyewe. Huyu wenu simlei." Akacheka, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Suti hakucheka, alidhani ninamsema yeye, na kweli nilikuwa ninamsema yeye.

Yule binti akaomba kitabu cha hundi, nikampa, akapekua akasema karatasi nyingine hazimo. Suti akadakia, "Hizo zilitumika zamani." Hazikutumika. Zilikuwa mfuko wa ndani wa koti lake, alizichana wakati baba yenu yu mgonjwa, na ameniambia mwenyewe juzi akiwa amepiga magoti hapo ulipokaa wewe Dereva. Basi tulipokuwa tunashuka zile ngazi nikasimama katikati, watu wakatusukuma, nikasema sisogei mpaka nimalize, nikamshika koti: "Umesikia alivyosema karani? Imekufa hii. Usije ukamwandikia mtu hundi ya maiti." Akanijibu, "Ah, mama nawe! Nimesikia, kwani mimi mtoto?" Na wewe Sindano, ulimi wako huo ulionirithi, ukasema, "Huyo hata maiti akimwona atamkopa." Mkaanza kutukanana pale pale mbele ya mlinzi, ikabidi niwatenganishe kwa mkongojo. Hiyo ni siku ya kusahaulika? Nikisema nimeisahau siku hiyo, basi nimesahau na jina langu.

Maji. Kidogo tu. Si hayo, yana ladha ya birika.

Na aliyeandikiwa hundi ni nani? Nyinyi mnamjua Mzee Majora kwa pua, mzee wa dukani mwenye kupiga chafya kwa sababu ya vumbi la vitambaa. Mimi ninamjua kwa mkono. Tulipoanza, mimi na baba yenu tulikuwa na cherehani kimoja ambacho kanyagio lake lilifungwa kwa waya, na maduka yote ya vitambaa niliyoingia waliniuliza mume wangu yuko wapi, kana kwamba kitambaa hakiwezi kubebwa na mtu aliyevaa gauni. Yeye hakuniuliza. Aliniangalia vidole, akaona pameota sugu ya sindano, akasema, "Chukua jora hili, ukishona uje, usiposhona uje pia tuzungumze." Maneno hayo, usiposhona uje pia, ndiyo niliyofanyia biashara maisha yangu yote. Msidhani sikugombana naye. Niligombana naye mwaka ule alioniuzia kitambaa cha bluu kikapungua, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake, nikakaa msimu mzima bila kumpa salamu, nikinunua kwa wengine kwa bei ya kiburi. Akaja mwenyewe na kile kipande kilichopungua, kimekunjwa, akasema msaidizi wake alipima vibaya, akaondoka bila kusubiri nimtake radhi, na sikumtaka. Tukaendelea. Ndivyo watu wazima wanavyoendelea.

Sasa huyo ndiye mtu ambaye Suti alimwendea. Na nitamtendea haki mwanangu, maana wosia usio na haki ni umbea: hakwenda kuiba. Alipoona nimemkabidhi Sindano kiwanda, roho ikamuuma, yeye mkubwa, yeye mwenye koti, akaona atuonyeshe kwamba hata yeye anaweza kuleta kazi. Akatafuta shule mpya, akaipata, akaahidi sare za watoto wote, akaja akawaambia mafundi washone, hata mimi nilifurahi kimoyomoyo. Kitambaa akakitoa kwa Mzee Majora kwa hundi ya tarehe ya mbele. Mzee alipoona jina la kiwanda juu ya ile karatasi hakuuliza neno. Alipokea jina langu.

Unajua Suti alifikiri nini, muuza dawa? Andika hili, maana hakimu hatalipata kwa wakili. Alifikiri akaunti ni kama umeme. Umeme ukikatwa, ukienda ukalipa, fundi anapanda nguzo, taa inawaka. Akajisemea, nitashona, shule italipa, kabla ya ile tarehe nitakwenda benki niweke fedha, akaunti itawaka, Mzee Majora atachukua chake, na mama hatajua kama taa iliwashwa tena. Nami nilimwambia imekufa! Sikumwambia imekatwa.

Shule ikalipa. Akazibeba zile fedha kwenye begi mpaka benki, akapanga foleni, akafika dirishani, na mbele yake akakuta kucha zile zile. "Kaka, akaunti hii haipo." "Haipo vipi na namba hii hapa?" "Ilifungwa. Kwani wewe si ulikuja na yule bibi mwenye maneno?" Ameniambia mwenyewe, kwamba jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Hapo, wanangu, hapo palikuwa na njia moja nyeupe, pana, isiyo na kona. Duka la Mzee Majora liko mtaa wa nyuma ya benki. Angebeba begi lile lile, fedha zile zile, akaingia dukani akasema, mzee wangu, ile karatasi ichane, nimekuletea mkononi. Mzee angepiga chafya yake, wangecheka, tungekuwa leo tunazungumza mambo ya mazishi yangu kwa amani.

Hakwenda. Kwa sababu angelazimika kusema, niliandika hundi nikijua imefungwa. Maneno machache tu, hata pumzi moja hayajazi. Aliona haya, na haya ya mtu mzima mwenye koti ni nzito kuliko jora. Akarudi nyumbani na begi. Na fedha iliyokaa ndani bila mwenyewe ni kama barafu juani: gari lake bovu likatengenezwa, viti vya saluni vikanunuliwa, mke wa Suti usiangalie chini, viti vile ni vizuri na mimi nimevikalia. Tarehe ikafika, Mzee Majora akaipeleka hundi, ikamrudia imepigwa muhuri kwamba akaunti imefungwa.

Msisikie neno "imerudi" mkadhani ni karatasi tu iliyorudi. Mzee yule alikuwa amekwisha kuzihesabia hizo fedha kazi, kwa kuwa hundi yenye jina langu kwake ilikuwa fedha. Alimwahidi mwenye kiwanda cha vitambaa, na mwenye kiwanda hakujua cha mama wala cha sugu za vidole, akatuma lori likapakia majora yaliyobaki. Nendeni mkatazame duka lile. Rafu tupu, mzee amekaa kwenye kiti chake katikati kama saa iliyosimama. Na huko sokoni Sindano akienda kununua uzi tu, uzi wa kufungia vifungo, anaambiwa, "Dada, fedha mkononi kwanza, nyinyi ukoo wenu mna akaunti ya kaburini." Siku moja fundi wetu wa kola alirudi analia, mwanamume mwenye ndevu zake, wamemwimbia njia nzima.

Nani anasogeza miguu? Kaeni. Mimi ndiye mwenye ruhusa ya kuhangaika hapa.

Kabla Mzee Majora hajakwenda polisi alikuja hapa. Suti, unafikiri nilikuwa nimelala. Nilikuwa kitanda hiki hiki, na ukuta huu ni wa ubao, mtu akijikuna jikoni mimi ninasikia. Akabisha, akasalimu. Mke wako akatoka. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mumeo nimemkuta?" "Amesafiri, mzee." "Amesafiri. Na hilo koti lililotundikwa hapo limebaki kulinda nyumba?" Nikakusikia nyuma ya mlango wa jikoni, pumzi zako, mtu mzima, baba wa watoto, umebana pumzi kama mwizi wa kuku. Mzee hakupandisha sauti. Akasema, "Basi akirudi mwambie sikuja kugombana, aje tu tuzungumze. Nisalimie mama." Akaondoka. Nikaita, sauti haikutoka, kifua kilikuwa kimebana siku hiyo. Nikapiga ukuta. Mkadhani ninaomba beseni.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sikuwahi kumchelea mtu, nashangaa huyu alijifunzia wapi kujificha.

Baadaye ndiyo polisi wakaja, wakampeleka, akalala kwenye sakafu ya saruji na koti lake, na Dereva akaweka kadi ya lori lake iwe dhamana. Dereva mwanangu, hukulalamika, nami nilikuona ukilizunguka lile lori ukiligusagusa kama mtu anayeaga ng'ombe. Najua kwa nini wewe nawe unataka nitie dole. Unataka lori lako. Si dhambi. Lakini jana, mliposimama hapo koridoni mkidhani dawa imenichukua, wewe ndiye uliyesema, "Mama hana cha kupoteza." Mke wa Suti akasema, "Na kweli siku hizi anasahau, juzi kaniita kwa jina la marehemu dada yake." Nilikuita hivyo kwa sababu ulikuwa umeunguza maharage, naye alikuwa mwunguzaji mkubwa, lilikuwa tusi, hukulielewa tu. Sindano akasema, "Mama hakusahau, mimi nilikuwepo." Mkamgeukia wote, wewe unataka kaka yako afungwe, wewe umeshapata kiwanda unajishaua. Akanyamaza. Sindano kunyamaza! Hapo ndipo nilipojua kwamba nikifa bila kusema, uongo huu utakuwa ndio ukweli wa nyumba hii, na mtoto mmoja atabeba ukweli peke yake mpaka umchoshe autupe.

Sina cha kupoteza, enhe? Ngojeni. Niinueni kidogo. Mto wa pili. Ndiyo.

Mimi nilifunga ile akaunti kwanza. Kisha, mvua zilipokatika, ndipo nikaita wazee wa mtaa, na muuza dawa ulikuwepo, nikamkabidhi Sindano kiwanda: vyerehani, mikasi, meza ya kukatia, na jina. Sasa nikitia dole kwamba siku ya kufunga akaunti akili yangu ilikuwa haina kumbukumbu, nikashindwa kumwambia mwanangu aliyenishika mkono, je, hayo makabidhiano yaliyokuja baadaye aliyafanya nani? Kichaa. Mtu yeyote mwenye wakili, na wakili tumeshaona anapatikana, atakuja kusema bibi alikuwa hajui analofanya, mwenyewe alikiri, dole lake hili hapa. Kiwanda kitarudi katikati, mtakigombania kama kunguru, na mafundi watakwenda kutafuta kazi kwingine. Sijui kama mlilijua hilo. Wewe Suti hukulijua, akili yako haifiki mbali hivyo, ingefika ungefika na begi kwa Mzee Majora. Mke wako namwachia Mungu. Usilie, mkwe, nimesema namwachia Mungu, sikusema nimehukumu.

Na hata kama pasingekuwa na kiwanda. Nimekuwa na uso mbaya tangu utotoni, mguu mmoja mfupi, sauti ya kukwaruza, mume aliyenipenda kwa sababu nilijua kukata kola bila kipimo. Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna aliyekibishia ni kichwa. Na hicho ndicho mnachotaka nikitoe, kwa wino, mwishoni kabisa, ili nikumbukwe kama bibi aliyechanganyikiwa aliyemponza mwanawe. Sitoi. Mama gani hatoi kwa ajili ya mwanawe, mtasema. Nilitoa maziwa, nilitoa usingizi, hiki hapana.

Muuza dawa, chukua hii karatasi. Ichane. Ichane vizuri, hiyo bado inasomeka.

Sasa andika. Mimi mama yao, nikiwa na akili zangu zote na maumivu yangu yote, nasema kwamba akaunti niliifunga mimi, na nilisema. Mwanangu Suti alijua. Kama hakimu atataka kuuliza, dada yake alikuwepo na karani yupo. Lakini nataka hakimu asiulize. Nataka Suti aseme mwenyewe kabla hajaulizwa, "Nilijua, na hivi ndivyo ninavyolipa." Watu hufungwa kwa uongo wa pili, wa kwanza mara nyingi hakimu mwenye watoto anauelewa. Na kama atafungwa, basi atafungwa, jela ina milango na watu hutoka. Mke wake na watoto watakula hapa. Sindano, unasikia? Usiwahesabie matonge, na usimwambie mtoto hata mmoja kuhusu baba yake neno ambalo hungelisema akiwa amesimama mbele yako.

Dawa ya deni ni kulipa, si kufa. Nyumba hii: vyumba vya uani ni vya Dereva, na usivigeuze gereji, nakujua. Chumba hiki changu ni cha Sindano, apumzike mgongo karibu na kazi yake. Chumba cha mbele anachopanga kinyozi, kodi yake yote, ni fungu la Suti. Lakini Suti hataigusa. Kinyozi ataipeleka dukani kwa Mzee Majora kila mwezi, mkononi, mpaka siku ambayo Mzee Majora mwenyewe, si wakili, si Suti, Mzee mwenyewe atasema imetosha. Gari la Suti liuzwe, hata kama litafika liendako kwa kusukumwa. Viti vya saluni vibaki, vinaingiza. Naye Suti, kama hakimu atamwachia, ataingia kiwandani kwa Sindano kama fundi, alipwe kama fundi, na Sindano usimwonee. Kidogo tu unaweza. Siku ya kwanza.

Mwacheni kuku huyo apite. Mmm. Nani kafungua... hakuna kuku? Basi ni masikio.

Nikifa, msinikopee. Sanda yangu inunuliwe kwa Mzee Majora, kama rafu zake zitakuwa na kitu, na mumpe fedha taslimu, na yeye apime kwa mkono wake, asipimiwe na msaidizi. Msiweke hotuba ndefu. Atakayesema nilikuwa mpole mtoeni nje. Vyerehani vizimwe wakati mnanitoa mlangoni, kisha viwashwe.

Pumzi... ngojeni. Ngoja.

Sindano. Njoo hapa, sioni vizuri upande huo. Nakubariki. Mkono wako uwe mwepesi na jicho lako lisichoke. Ulimi utauangalia mwenyewe, wangu ulinipa maadui wazuri. Dereva, inama. Barabara ikurudishe, na ukikuta mtu amekwama usipite. Mkwe, na wewe. Lete kichwa. Uwe na nyumba isiyo na mtu nyuma ya mlango.

Suti.

Hapana, kaa huko huko. Baraka yako ninayo, usidhani imetumika. Lakini sikupi ukiwa umekaa. Utaipokea hapa mbele yangu Mzee Majora akiwa kwenye kigoda hicho anachokalia ndugu yako. Nenda ukamlete. Umwambie yale maneno njiani, au pale dukani, mimi sijali, ila ukifika naye mlangoni nitamtazama usoni, nitajua kama umeyasema. Usimwambie mama anakufa, atakuja kwa huruma. Mwambie, "Nilijua." Kisha ndiyo umwambie nimemwita.

Usinitazame hivyo. Hapa unapoteza wakati wangu, na wangu... ni mchache.

Amesimama? Sioni. Dereva, amesimama kweli? Msimsindikize. Mtu yeyote asimsindikize.

Nigeuzeni. Huku, mlangoni. Fungueni dirisha lote sasa. Nitajaribu kumngoja, siahidi, lakini nitajaribu. Vyerehani... hivyo, ndiyo. Muuza dawa, weka kalamu chini lakini usiondoke.

Bado hatujamaliza.